Jiwe la Mwanahawa

1

Vidonge vilianza kutoka vizima. Aniwie radhi msomaji aliye mezani, lakini ndivyo tulivyojua. Wakubwa hawakutuambia, tuliona wenyewe chooni. Unameza kivuli chako, kidonge cha kukukinga na jua, asubuhi kwa maji, kesho yake kinatoka cheupe vilevile, muhuri wa Mamlaka inayokitengeneza bado unasomeka juu yake, kama shilingi iliyomezwa na mtoto.

Hapa kambini Kwamgogo tulianza kwa mzaha. Mtani wangu Lugusha, Mnyamwezi mwenye mdomo usio na mlango, alisema Mamlaka imebana matumizi: sasa vidonge ni vya kuoshwa na kurudishwa stoo. Tukacheka. Wiki haikuisha, Mbaruku, mkata mkonge wa mstari wa jirani, alisimama kunyoosha mgongo baada ya king'ora cha jua. Akasema, "Mbona leo..." na hakumaliza. Alianguka kama kanga iliyokatikiwa kamba. Tulipomgusa alikuwa mkavu, wa moto kama bati, bila tone la jasho.

Baada yake walianguka wengine, kwetu na mashamba ya jirani, kisha tukasikia ni mpaka ng'ambo huko vidonge vinakouzwa. Redio ikasema watu wanywe maji mengi. Niliizima kwa teke. Neno hilo la maji nalijua. Mke wangu Mwanahawa walimzika nalo.

Mimi nilizaliwa wakati mtu bado aliweza kuvuka uwanja saa saba mchana bila kumeza kitu. Nikimweleza mwanangu Mwantumu anadhani nazua. Yeye kazaliwa jua limeshakuwa mnyama. King'ora kikilia saa tatu, asiye na kivuli tumboni anajikunyata chini ya bati jeupe mpaka jioni. Na mkonge haukatwi chini ya bati. Kwa hiyo asiye na kivuli hali.

Dawa hiyo aliigundua Profesa Leokadia Mbelwa. Jina la dawa kwenye boksi ni refu na linataka ulimi wa kusomea. Sisi tunasema kivuli. Aliitoa kwenye yale maji ya kijani yanayomwagika korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, maji yanayonuka na kuwasha mpaka mbwa wanayakwepa. Wakoloni waliyamwaga mtoni, sisi tukarithi kumwaga. Yeye akayachota. Aliniambia mwenyewe kwamba ndani yake mna kitu kama pete zilizoshikana, na kwamba alichofanya ni kukata mkia wa pete ya mwisho na kuufunga upande wa pili. Basi. Kwa kazi ndogo hiyo, iliyomla ujana wote, mwili unajifunza kumwaga joto hata pasipo jasho. Shule niliishia darasa la nne. Nasema kama nilivyoambiwa.

Mwanahawa alifanya kazi jikoni. Ndivyo tulivyokiita chumba ambamo maji yale yalipikwa, yakapoozwa, yakaganda kuwa chumvi nyeupe. Wanawake waliingia ndani ya masufuria makubwa kama visima, wakaikwangua chumvi kwa miko, mikono mitupu, vumbi limewapaka kope mpaka wakaonekana vikongwe. Profesa alipiga kelele wapewe glavu na barakoa. Wakubwa wakasema mwakani. Mwakani ikafika, wakasema mwakani. Mke wangu akaanza kushika kiuno, akaacha kwenda haja ndogo, akavimba. Walipompasua walitoa jiwe dogo kama choroko, jeupe, wakanikabidhi, na figo hazikuwa figo tena. Mamlaka ikatuma mtu msibani kwetu, mtu mzima na tai yake, atutangazie kwamba marehemu hakuwa na desturi ya kunywa maji.

Mwanamke aliyekuwa akimaliza mtungi mpaka nikamtania anafuga samaki tumboni!

Profesa alikuja siku ya arobaini, peke yake, kwa miguu. Aliliomba lile jiwe. Alipolirudisha lilikuwa ndani ya kichupa cha kioo alichokiziba kwa moto, hakina kifuniko wala pa kufungulia. "Baba Mwantumu," akasema, "hili si jiwe la mwili. Ni kivuli. Kiliganda ndani yake. Usilifungue hata kwa kulinusa. Litunze mpaka umpate hakimu mwenye masikio." Aliporudi mjini akayasema hayo mbele ya watu, wakamfungia mlango wa maabara yake mwenyewe. Alifia kwenye chumba cha kupanga, jirani wakajua kwa harufu.

Sasa wanamchongea sanamu.

2

Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Mgaza, alikuja na gari lake lenye ubaridi mpaka kizingitini, karibu aliingize ndani. Ni Mzigua kama mimi, wa Handeni hukohuko. Tofauti yetu ni kwamba yeye amesahau njia ya kwenda. Alifuatana na mkemia mmoja, mama wa makamo, mwembamba, Dokta Eliakunda, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Profesa.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia marahaba. "Semeni," nikawaambia.

Mgaza alimtazama yule mama, maana wakubwa wakiwa na haja humtanguliza mtu mwenye uso wa huruma.

"Mzee wangu," akaanza Dokta Eliakunda, "maziwa ya mgando unajua yanavyotengenezwa?"

"Umetoka mjini kuja kunidharau?"

"Hasha. Nataka nikueleze kwa kitu tunachokijua wote. Ukitaka maziwa yagande vizuri unatia chachu ya jana. Chachu ikiwa nzuri, mgando mzuri. Ikiwa mbaya, ndoo nzima imekwenda. Kivuli nacho hivyo. Tunapokipooza tunatia punje ya kivuli cha zamani, na chumvi yote inaiga ile punje. Punje ya kwanza kabisa ilitoka mkononi mwa Profesa."

"Na sasa?"

"Sasa imezaliwa punje nyingine. Hatujui ilizaliwa sufuria gani. Dawa ni ileile, pete ni zilezile, ila zimejipanga vingine. Zimebanana kama matofali, tumbo haliwezi kuziyeyusha. Na vumbi lake likishaingia chumbani, kila sufuria inaliiga hilo. Tumeosha kwa asidi. Tumechoma nguo. Tumejenga kiwanda kipya ng'ambo ya bahari, vumbi likasafiri kwenye nywele za mafundi. Ile punje ya kwanza haizaliki tena popote duniani."

"Chachu mbaya imeshinda."

"Imeshinda. Tumetafuta punje ya zamani kila kabati. Zote zimeguswa. Tunataka kitu kilichozibwa kabla ya hili vumbi kuzaliwa." Akanikazia macho. "Kilichozibwa kwa moto."

Hapo niligeuka. Mwantumu alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba, anatazama vidole vya miguu yake. Nikajua habari za kichupa zimetokea wapi.

"Mnataka jiwe," nikasema. "La mke wangu. Yule asiyekunywa maji."

Mgaza akakohoa. "Mzee, hayo ni mambo ya zamani."

"Ya zamani ndiyo uliyoyafuata. Umekuja kutafuta kivuli cha zamani kwangu, au sivyo? Kimefikaje humo ndani ya kichupa? Sema kimepitia wapi. Sema tu, nakupa sasa hivi, na chai nakupikia."

"Kuna taratibu. Wanasheria hawawezi kukubali nitamke..."

"Dokta," nikamkata, "likishafanya kazi hilo jiwe, narudishiwa?"

Yule mama alinitazama. Angeweza kudanganya, na nisingejua. "Hapana," akasema. "Nje yake mna uchafu wa mwili. Kilicho safi ni kiini. Tutalivunja lote, na kiini kitayeyukia ndani ya sufuria ya kwanza. Hakitabaki kitu cha kumwonyesha mtu."

"Cha kumwonyesha hakimu."

"Cha kumwonyesha yeyote."

"Kwa hiyo mmemuua, mkamsingizia, na sasa mnataka ushahidi wangu mwende mkaupike."

"Watu wanakufa, mzee!" Mgaza alipaza sauti.

"Walikuwa wakifa tangu zamani. Ninyi mmeanza kuwaona leo, kwa kuwa na vyenu vinatoka vizima."

Uso wake ukaiva. Akasema anaweza kurudi na askari. Nikamwambia arudi nao, awalete hata wa farasi. Ila akumbuke kioo ni chembamba, sakafu yangu ni ya saruji, na vumbi lao limeshajaa kwenye viatu vyake. Hapo alielewa. Akaondoka bila kuaga, na gari likatuachia moshi wake kama sadaka.

3

"Nilisema mimi," Mwantumu akaniambia kabla sijafungua kinywa.

"Umemuuza mama yako."

"Mama amekufa, baba. Mbaruku naye amekufa, na mkewe bado anamtengea chakula."

"Wakishalivunja, nani atasema kilichomuua? Nani? Profesa wamemzika, sasa wamzike mama yako mara ya pili?"

"Na wewe ukilishikilia?" Ana ulimi wa mama yake huyu mtoto. "Mgaza alificha ukweli, watu wakafa. Wewe unaficha dawa, watu wanakufa. Nionyeshe mpaka kati yenu uko wapi, niuruke."

Mkono wangu ulinyanyuka. Haukushuka juu yake, lakini ulinyanyuka, na aliuona.

Asubuhi king'ora kililia. Nikamwona anafunga kitambaa, anachukua kisu cha mkonge, anapita mlangoni kama mtu anayekwenda kisimani.

"Unakwenda wapi bila kivuli?"

"Wewe una jiwe, mimi nina kazi," akasema, na akatoka juani.

Nilidhani atafika kona arudi. Wanawake wa kwetu hutoka hivyo wakikasirika, wakafika kona wakarudi. Hakurudi. Nilipomfuata jua lilinipiga kofi la uso, nikaona weusi. Lugusha alikuwa chini ya bati la korona. Aliniona nikiyumba, akajitupia gunia lililoloa kichwani, akaja mbio. Tulimkuta Mwantumu amepiga magoti katikati ya mistari, kisu mkononi, midomo imepasuka, anajaribu kukata jani na kisu kinapiga hewa. Tulimburuta kama mzigo wa mkonge. Lugusha alimtukana njia nzima ili asilale: "Amka, mtoto wa Kizigua, kabila lenu lote wavivu, hata kufa hamwezi mpaka mbebwe!"

Ndani tulimfunika kanga zilizoloa. Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanasimama, yanakimbia. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama mwanangu na kichupa kikiwa mfukoni mwangu, kinanichoma paja. Nilijua, tena bila shaka yoyote, kwamba kesho akipata nguvu atatoka tena. Maana kama sio kesho kwa hasira, keshokutwa kwa njaa.

"Mpe Mgaza," akasema Lugusha.

"Nimpe bure? Aondoke nalo anacheka?"

"Nani kataja bure? Mwanahawa alizikwa bila mimi?"

Nilikumbuka. Siku ile ya mazishi Lugusha alishuka kaburini akajilaza chali, akakataa kutoka, akasema Wazigua hawamziki mtu mpaka wamkomboe yeye Mnyamwezi. Ndivyo watani wanavyofanya na ndivyo wanavyoruhusiwa. Hakuna wa kumkasirikia mtani msibani. Tulimtoa kwa jogoo.

"Kipande cha marehemu kinatolewa nyumbani kwenda kuvunjwa," Lugusha akasema. "Huo ni msiba. Msiba una mtani. Na Mgaza ni Mzigua, hata akivaa tai tatu. Niachie mimi."

4

Tulimtumia Mgaza salamu, tukakutana kabla ya king'ora kwenye banda la mikutano, ambalo bati lake si jeupe. Kambi nzima ilikuja: wakata mkonge, wajane, wanawake wa jikoni wa zamani wenye viuno vilivyopinda. Mgaza alifika na askari wake na sanduku la chuma lenye pamba ndani. Dokta Eliakunda alikuwa amevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani, amesimama mbali na kila mtu asiguswe na vumbi.

Nilikitoa kichupa. Nikampa Lugusha. Lugusha akakivingirisha kwenye kitambaa, akakiweka ndani ya kofia yake, akaivaa, halafu akajilaza mlangoni, kutoka mwimo mpaka mwimo.

"Yalaaa!" akapiga ukunga. "Watumwa wangu Wazigua mnambeba marehemu bila kunitoa mimi? Leo hapiti mtu!"

Banda likaanza kucheka. Watu walikuwa hawajacheka tangu vidonge viharibike. Mgaza naye, nilimwona, sura yake ililegea. Kitu cha utotoni kilimrudia, misiba ya Handeni, bibi zake. Akatoa pochi.

"Haya, mtumwa wangu Mnyamwezi. Nikukomboe kwa kiasi gani?"

"Pesa yako kafungie vitumbua. Mimi nataka neno. Nani kamuua Mwanahawa?"

Kicheko kilipungua.

"Mungu ndiye anayechukua," akasema Mgaza.

"Mungu hapiki kivuli! Nimelala, nimelala, king'ora kikilia tutaiva wote humu, na wewe chako kinatoka kizima kama changu!"

Watu wakaangua kicheko tena, kikubwa. Mgaza akatazama saa, akamtazama dokta, akatazama nje ambako mwanga ulianza kuwa mweupe. Kisha akatandaza mikono kama mtu aliyeshindwa bao, akacheka.

"Haya basi! Tumemuua sisi! Tulimpikisha bila glavu, vumbi likamganda kwenye figo, tukamsingizia maji! Umeridhika, mtumwa? Toka mlangoni!"

Banda zima lilipasuka kwa kicheko na vigelegele. Mwanamke mmoja wa jikoni hakucheka. Aliketi chini taratibu kama aliyeambiwa habari ya kifo kwa mara ya kwanza.

Lugusha akainuka, akajikung'uta vumbi, akavua kofia, akakitoa kichupa, akamkabidhi dokta kwa mikono miwili.

Nilimshika shati. "Lugusha! Huo ni utani! Hakuna mahakama itakayolishika neno lile! Amesema akicheka!"

"Angesema akilia?" Lugusha aliniuliza. "Angalau amesema. Mtani akishakombolewa anatoka. Nitakaaje mlangoni, nivunje mila kwa ajili yako?"

Sanduku likafungwa. Nilisimama nikimtazama mke wangu akiingizwa garini. Nilikuwa nimepata neno nililolingojea, na halikuwa na uzito wa unyoya.

5

Vidonge vilirudi kuyeyuka. Dokta Eliakunda alijenga jiko jipya mlimani mbali na vumbi, akalivunja jiwe, na sufuria ya kwanza ikaiga kiini chake, ya pili ikaiga ya kwanza, hivyohivyo mpaka dunia nzima. Hivi sasa kila kivuli kinachomezwa, kwetu na ng'ambo, ni uzao wa kile kilichomganda Mwanahawa. Wafanyakazi wa jiko hilo wana glavu. Huyo mama aliwavisha kabla hajawasha moto, nampa haki yake hiyo na si zaidi. Mgaza anakimeza kila asubuhi kwa maji ya baridi. Anammeza mke wangu, anatoka, anapanda gari.

Mwantumu hukimeza vilevile. Nilimsikia siku ya kwanza, amesimama mlangoni na kidonge kiganjani, akasema polepole, "Mama, nipe kivuli." Akaenda kukata mkonge.

Mimi sikumeza. Nilikaa chini ya bati tangu king'ora hadi jioni, nikiulaani ukoo wa Mgaza, matumbo yake na wajukuu wake. Lugusha akaja.

"Kesho wanazindua sanamu ya Profesa mjini, uwanja wa wazi, mchana, ili wageni waone dawa inavyofanya kazi. Twende."

"Nikamtazame Mgaza akihutubia?"

"Ukamtazame akicheka."

Sikumwelewa. Akaketi, akanieleza. Alikuwa amekwenda ofisini kwa Mgaza wiki iliyopita, akasimama mapokezi mbele ya wageni wa nje, akapaza sauti: "Mtumwa wangu! Hebu waambie tena nani kamuua Mwanahawa!" Askari wakataka kumtoa. Makarani wakacheka, wakasema mwacheni, huyo ni mtani wa bosi. Mgaza ikabidi acheke. Angefanyaje? Akikasirika, watu watauliza utani gani huu unaouma. Akimshitaki Lugusha, itabidi aeleze mahakamani alisema nini bandani. Tangu hapo wakata mkonge wa Kinyamwezi wote wamejua. Wanamwimbia sokoni. Wanamwimbia kwenye harusi. Mmoja alimsubiri nje ya msikiti.

"Aliyekubali utani haruhusiwi kununa," Lugusha akasema. "Mahakama ingemuuliza mara moja. Sisi tutamuuliza mpaka tumshushe kaburini, na huko nako nitalala chali kwanza."

Asubuhi nilikiweka kidonge kiganjani. Kilikuwa cheupe, chepesi, hakina harufu. Nilikitazama mpaka Mwantumu akaniuliza kama naumwa.

"Twende, mke wangu," nikasema, nikakimeza bila maji.

Uwanjani jua lilitushukia na halikutufanya kitu. Profesa wa shaba alikuwa amesimama juu ya jiwe, mkononi kashika jani la mkonge, uso wamemtengeneza anatabasamu, yeye ambaye sikuwahi kuona meno yake. Mgaza alisema jina lake mara nyingi. Akasema urithi wake unaishi ndani ya kila mmoja wetu. Wageni wakapiga makofi.

Makofi yalipotulia, Lugusha akasimama.

"Mtumwa wangu! Hujamaliza! Nani kamuua Mwanahawa?"

Nyuma yetu Wanyamwezi wakaitikia kwa kibwagizo: "Hakunywa maji! Hakunywa maji!" Wageni waligeuka, wakauliza kinachosemwa, wakatabasamu kwa adabu. Dokta Eliakunda aliinamisha kichwa. Mgaza alishika ukingo wa meza. Nilimwona akitafuta pa kutokea, akiwatazama askari, akiwatazama wageni.

Kisha akacheka. Alicheka kwa meno, na macho yake hayakuwemo. Jasho lilimtoka, na kivuli kilikuwa tumboni mwake.

Nilisogea mbele mpaka akaniona. Mimi sikucheka. Nilimtazama tu, nikamsubiri amalize, na alipokaribia kumaliza nikamgusa Lugusha bega.

"Muulize tena," nikasema.